Picha za Ngumi na Picha za Majini: Namna ya Kupima Tunachokitazama

Somo la elimu ya watu wazima, kama lilivyosomwa redioni

Kaa vizuri, na ikiwa yupo jirani yako asiyejua kusoma, tafadhali msomee kwa sauti.

Somo la leo ni juu ya picha za senema. Najua watatokea watakaouliza: elimu ya watu wazima ni kusoma, kuandika, hesabu na afya, je, senema imeingiaje? Jawabu lake ni jepesi. Mtu anayetoa fedha yake na saa mbili au tatu za maisha yake kwa ajili ya picha, huyo ananunua kitu. Tumekwisha fundishana kutazama mizani dukani, na kusoma tarehe iliyoandikwa juu ya kichupa cha dawa. Basi na bidhaa hii nayo inataka mizani yake. Tena ni bidhaa inayoingia nyumbani bila ya kubisha hodi, na mwanao huila kabla yako.

Ukipita katika baraza za Mji Mkongwe, au ukikaa na vijana huko Makunduchi na Mkokotoni, utakuta ubishi ambao ni wa miaka mingi. Upande mmoja wamekaa wapenzi wa picha za ngumi, bunduki na kisasi. Upande wa pili wamekaa wapenzi wa picha za ajabu kuu: wafalme, majini, pete za uchawi, mazimwi na vita vya majeshi makubwa. Huyu humwambia mwenzake, "Picha yako uongo mtupu, nani aliona joka lenye mbawa?" Naye hujibiwa, "Na yako je? Steringi mmoja anapiga watu arubaini na shati halikunjiki." Watu hucheka, kahawa humiminwa, na ubishi huanza upya. Sitaki kuuzima ubishi huo. Nataka tuupe vipimo, ili anayebisha ajue anabishia nini.

Kwanza, tuangalie picha hizi zimetufikiaje.

Unguja ni nchi ya zamani katika mambo ya senema. Mwaka 1921 Bwana Hassanali Adamji Jariwalla alifungua Vuga jumba la Royal, lililochorwa na J. H. Sinclair, yule yule aliyechora majumba mengi ya serikali mjini. Jumba hilo liliungua moto katika miaka ya 1950, na pale pale likajengwa lile la Majestic. Darajani palikuwa na Empire. Majumba hayo hayakuwa ya kabila moja wala mtaa mmoja. Mhindi, Mwarabu, Mngazija na Mswahili walikaa chini ya paa moja, wakalia na kucheka kwa wakati mmoja.

Picha za ajabu zilipokuja zilikuta watu wamekwisha tayarishwa. Mwaka 1940 ilitoka picha ya Kiingereza iitwayo The Thief of Bagdad, ndani yake mna mvulana mwizi aitwaye Abu, aliyechezwa na Mhindi Sabu, na jini kubwa lililotoka katika chupa, aliyelicheza Rex Ingram, Mmarekani mweusi. Bombay nako Homi Wadia alitengeneza Aladdin mwaka 1952, Alibaba mwaka 1954 na Hatimtai mwaka 1956. Mwaka 1958 akaja Sinbad baharia katika The 7th Voyage of Sinbad. Sasa fikiri, ndugu msomaji: Sinbad ni mgeni gani katika mji ambao kila mwaka ulisubiri majahazi ya kaskazi? Hadithi za Alfu Lela Ulela watu walizisimuliwa na bibi zao kabla ya kuziona katika kitambaa cheupe. Na mwenye kusikiliza tenzi alikwisha zoea vita vya mashujaa na viumbe vya kutisha. Rasi 'lGhuli aliimbwa pwani hii kabla senema haijabuniwa.

Picha za ngumi na kisasi zilishika zamu yake baadaye. Mwaka 1966 Mtaliana Sergio Corbucci alitoa Django, habari ya mtu anayeburura jeneza katika matope, na ndani ya jeneza mna bunduki ya rashasha. Mwaka 1971 Hong Kong ilitoa The Big Boss, na jina la Bruce Lee likaenea duniani. Mwaka huo huo Marekani ilitoa Shaft, picha ya mpelelezi mweusi wa New York asiyemnyenyekea mtu, iliyotengenezwa na Gordon Parks. Isaac Hayes alipata tuzo ya Oscar kwa wimbo wake. Picha za namna hii zilipendwa sana katika miji ya pwani ya Tanzania katika miaka ya 1970.

Nyingi katika picha hizi wataalamu wameziweka katika fungu wanaloliita picha za uchumaji. Maana yake ni hii: mtengenezaji hana fedha nyingi wala wachezaji wenye majina makubwa, basi huitazama tamaa ya watu, akaichuma. Watu wanapenda kuona damu? Anawapa damu. Wanapenda kuona mnyonge analipiza? Anawapa kisasi. Wanapenda kuchungulia yasiyochunguliwa? Huwapa hayo pia. Kwa hiyo jina lenyewe si la sifa. Lakini jina baya halimfanyi mtoto kuwa mbaya, na ndiyo sababu tunahitaji vipimo.

Kipimo cha kwanza: je, picha inaishika ahadi yake?

Mwenye kusema kwamba picha ya majini ni uongo hajaipima bado. Kila aliyekata tikiti anajua kwamba jini halimo chupani. Swali ni jingine: je, uongo huo una sheria? Katika ile picha ya Abu, jini linampa haki ya kuomba mambo matatu tu. Kijana ana njaa, na ombi la kwanza analitupa kwa kuomba soseji kama zile za mama yake. Watazamaji hucheka, lakini pale pale wanaingiwa na hofu, kwa sababu wanajua yamebaki mawili. Sheria ndiyo iliyoleta hofu. Chukua na The Lord of the Rings, picha tatu alizozitoa Peter Jackson miaka ya 2001, 2002 na 2003 kutoka katika vitabu vya Tolkien vya 1954 na 1955. Pete ile ina nguvu nyingi, lakini kila anayeitumia inamla moyo wake. Nguvu ina bei. Lau kama pete ingefanya kila kitu bila ya bei, hadithi ingekwisha katika robo saa.

Sasa nenda upande wa ngumi. Katika The Big Boss, Bruce Lee ni kijana Mchina aliyekwenda Thailand kufanya kazi katika kiwanda cha barafu. Amemwahidi mama yake kwamba hatapigana tena, na shingoni amevaa kidani cha kumkumbusha. Wenzake wanaonewa, wanapotea mmoja mmoja, naye anajizuia. Sehemu kubwa ya picha inakwenda bila ya yeye kupiga mtu. Kidani kinapokatika ndipo mikono inapofunguka, na jumba zima linapiga kelele. Mwisho wake huyu aliyeshinda anachukuliwa na polisi. Basi tazama: kidani cha huyu na pete ya yule ni ndugu. Kila kimoja kinasema kwamba nguvu ina mpaka, na anayeuvuka hulipa. Picha mbovu, iwe ya majini au ya ngumi, ni ile isiyokuwa na mpaka wala malipo. Hapo kweli ni uongo mtupu, na hapo kweli ni damu tupu.

Kipimo cha pili: adui amevishwa sura ya nani, na mwanamke amewekwa wapi?

Hapa tuwe waangalifu, maana picha hufundisha kimya kimya. Mtu hukaa akimshangilia steringi, asijue kwamba amefundishwa kumchukia mtu fulani. Katika The Lord of the Rings, kutoka Kusini wanakuja watu waitwao Haradrim, wamejifunga nguo usoni, wamepanda ndovu wakubwa mno, nao wanapigana upande wa uovu. Mtazamaji wa Unguja ana haki ya kuuliza: kwa nini watu wa Kusini na wa Mashariki ndio walio upande huo? Wapenzi wa picha hizo hubishana juu ya jambo hili duniani kote. Lakini haki ni haki, tuseme na la pili: katika kitabu, Sam anaiona maiti ya mmoja wao, akajiuliza jina lake nani, na kama kweli alikuwa mwovu au alidanganywa tu akatolewa kwao. Swali hilo moja lina thamani kuliko vita vizima.

Upande wa pili, Shaft na wenzake walimpa mtu mweusi heshima ambayo senema ya Marekani ilimnyima muda mrefu. Hakuwa mtumishi wala mchekeshaji; alikuwa bwana wa nafsi yake. Ndiyo maana aliyetazama picha hiyo Afrika alijinyosha kitini. Lakini mwaka 1972 chama cha NAACP, kinachotetea haki za watu weusi Marekani, pamoja na wenzake, kilizilaumu waziwazi picha za fungu hilo. Kilisema kwamba zinawachuma watu weusi wenyewe, kwa kuwafanya mashujaa watu kama yule muuza kokeini wa Super Fly. Nani mwenye haki? Nadhani wote wawili. Picha moja inaweza kumwinua mtu kwa mkono wa kulia, na kumpapasa mfuko kwa mkono wa kushoto.

Na wanawake je? Bombay mwaka 1935 Nadia alipanda farasi na kushika mjeledi katika Hunterwali, akiwapiga wadhalimu, wala hakuna aliyeona ajabu kumwita steringi. Mwaka 1973 Pam Grier alicheza Coffy, habari ya muuguzi anayewaandama wauza madawa ya kulevya kwa sababu wamemharibia mdogo wake. Kisa chake ni cha haki, na mchezaji ni hodari. Lakini kamera inamvua nguo kila inapopata nafasi, na hilo halikufanywa kwa ajili ya mdogo wake. Limefanywa kwa ajili ya mlangoni, tikiti ziuzike. Mtu mzima aweze kuyasema yote mawili bila ya kutatizika: kisa kizuri, biashara mbaya. Picha za ajabu nazo zisijione zimetakasika kwa kuwa hazivui nguo. Hesabu ni wanawake wangapi ndani yake wenye kazi nyingine isipokuwa kungojea kuokolewa.

Kipimo cha tatu: ustadi au gharama?

Mashabiki wengi hupigana kwa fedha: picha yangu imegharimu zaidi. Ni kweli kwamba zile tatu za Peter Jackson, zilizopigwa New Zealand, zilikula zaidi ya dola milioni 250, na ya tatu yake ilipata tuzo 11 za Oscar. Enter the Dragon ya mwaka 1973 iligharimu chini ya dola milioni 1. Bruce Lee alifariki tarehe 20 Julai mwaka huo, mwenye umri wa miaka 32, kabla haijaonyeshwa. Lakini je, fedha ndiyo ustadi?

Fikiri kazi ya Ray Harryhausen, fundi wa viumbe vya Sinbad. Picha ya senema hupita mbele ya jicho mara 24 kila sekunde. Yeye alikuwa na vinyago vidogo vyenye viungo. Alikisogeza kinyago kidogo, akapiga picha moja. Akakisogeza tena, akapiga nyingine. Vita vya mifupa saba katika Jason and the Argonauts ya mwaka 1963 ni vya dakika chache tu, navyo vilimchukua zaidi ya miezi minne. Huo ndio ustadi: saburi ya mtu mmoja katika chumba.

Na kama unataka mfano wa karibu, nenda Kampala, mtaa wa Wakaliga. Isaac Nabwana alitengeneza huko picha ya mapigano iitwayo Who Killed Captain Alex?, iliyotoka mwaka 2010. Fedha yake ilikuwa kidogo mno, bunduki ziliundwa kwa vyuma chakavu na mbao, wachezaji ni majirani. Juu ya picha husikika sauti ya mtu anayewachangamsha watazamaji, kuwatania wachezaji na kueleza mambo, kama ilivyo desturi katika vibanda vya video vya Uganda. Picha hiyo imepata wapenzi mpaka Ulaya na Marekani. Wengine huicheka, lakini wanaicheka kwa kuipenda. Hakuna mtu mle aliyejifanya tajiri, na furaha ya waliotengeneza inaonekana. Katika kipimo cha ahadi, Captain Alex anapita. Anaahidi vurugu na kicheko, naye anatoa.

Sasa nimefikia jambo linalonitia wasiwasi, nalo ni zito kuliko kujua kambi ipi imeshinda.

Zamani picha ilitazamwa na umma. Kijana alipotoka Majestic au Empire alikuwa amekaa karibu na mjomba wake, na nyuma yake Bi Mkubwa wa mtaa. Akishangilia upuuzi, alisikia guno. Njiani kurudi nyumbani kila mtu alikuwa na lake la kusema, na kesho yake baraza iliendelea nalo. Mji wetu una alama ya jambo hili. Kule Soko Mohogo, pale wanapokaa watu kunywa kahawa, kucheza dhumna na kuzungumza siasa, panaitwa Jaws Corner, kutokana na Jaws, ile picha ya papa ya mwaka 1975, na papa amechorwa ukutani. Watazame wageni wanavyoshangaa! Picha ya kutisha watu imetoa jina kwa mahali pa kuzungumza.

Leo majumba yale ya zamani hayaonyeshi tena picha kila usiku. Tunalo Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, linalokusanya watu Ngome Kongwe tangu mwaka 1998, lakini tamasha ni la siku chache katika mwaka. Siku zilizobaki picha inatazamwa katika simu, chini ya shuka, na mtoto wa miaka kumi na miwili, peke yake, masikioni ameziba. Hapana guno nyuma yake. Akiona mtu anauawa kwa mzaha, hakuna wa kumwambia kwamba yule naye ana mama. Akiona mwanamke anadhalilishwa, hakuna wa kumwonyesha mkono wa mchumaji. Kumnyang'anya simu kutafaa siku moja. Siku ya pili atatazama kwa mwenzake. Kinachokosekana ni mtu mzima wa kubishana naye.

Kwa hiyo nawaomba, mliomo katika madarasa ya watu wazima, mfanye hivi. Chagueni picha moja ya ngumi na moja ya ajabu. Zitazameni pamoja, wazee na vijana, kila moja kwa siku yake. Asiharakishwe mtu kusema "nzuri" au "mbaya." Kwanza kila mtu aeleze kisa kwa maneno yake, kwa sababu nusu ya ubishi hutokana na watu kutoona kitu kimoja. Kisha vipimo vitatu vipitishwe kwa zamu. Wazee wasimalize maneno yote. Na vijana wasicheke mzee anapouliza nani ni nani.

Na ikiwa mtashindwa kukubaliana kwamba ajabu na kisasi vyaweza kukaa katika nyumba moja, mkumbukeni Fumo Liyongo. Huyu ni shujaa mwenye kimo kisichokuwa cha binadamu wa kawaida. Hapo ni ajabu kuu. Lakini pia ni mtu aliyeonewa na mtawala, akafungwa, akaletewa tupa ndani ya mkate kwa hila ya mama yake, akakata minyororo huku nje ngoma inalia. Hapo kabisa ni picha ya ngumi. Tena ameuawa na mwanawe kwa sindano ya shaba kitovuni, kwa kuwa kijana alidanganywa na mtawala. Hapo ni malipo, na machozi. Muhammad Kijumwa wa Lamu aliuandika utenzi wake mwaka 1913. Mababu zetu hawakuona haja ya kuchagua kambi. Walichouliza ni hili: huyu mtu alitendewa haki?

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Taja picha moja uipendayo. Je, nguvu za steringi zina mpaka gani, na analipa nini akiuvuka?

2. Adui katika picha hiyo ni mtu wa wapi, na anavaa vipi? Lau wewe ungekuwa wa kwao, ungejisikiaje?

3. Ni jambo gani katika picha hiyo limewekwa kwa ajili ya kisa, na lipi limewekwa kwa ajili ya kuuza tikiti?

4. Mtoto wako ametazama picha gani juma hili? Kama hujui, muulize leo, na umsikilize mpaka amalize.

Wiki ijayo, inshallah, tutazungumza juu ya namna ya kusoma mkataba kabla ya kutia sahihi.